Unasoma Hesabu Chuo? Hapa Ndipo Utapata Vitabu, Noti na Utafiti Bila Kukamuliwa Doo

Kama uko chuo unafanya Hesabu, Takwimu, Aktuaria ama Ualimu wa Hesabu, hii ni yako. Isome, ihifadhi, halafu tumia yule msee wako wa darasa ambaye kila siku anauliza kwa group "nani ako na notes".

Story iko hivi. Mwaka wa kwanza wengi hupita na karatasi za mitihani ya zamani. Unakariri vile swali hujibiwa, unaingia chumba cha mtihani, unatapika, unatoka. Mwaka wa pili mambo hubadilika. Unakutana na Real Analysis, epsilon na delta ziko kila mahali, na swali linasema "thibitisha". Hapo kukariri hakusaidii tena, juu swali la mwaka huu si la mwaka jana. Ndio maana watu huanza kuhama kozi ama kukusanya sup, na sup ni pesa na ni muda.

Wengi hudhani shida ni ati vitabu hakuna. Si hivyo. Vitabu viko mob sana. Vingine umeshavilipia ndani ya karo na hujawahi kuvigusa. Vingine ni bure kabisa, kisheria, mwandishi mwenyewe ameviweka wazi. Kinachokosekana ni kujua mlango gani unafungua nini. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo sikuji hapa na sauti ya lec. Nakuja na ramani tu.

Kabla hujasaka chochote, jiulize unatafuta nini haswa. Kuna mambo manne:

- Topiki imekushinda kuelewa. Unahitaji kitabu, noti ama video.
- Umeelewa lakini unataka maswali ya kujinoa. Unahitaji kitabu cha mazoezi chenye majibu.
- Unataka fomula ama ukweli fulani haraka. Unahitaji rejeleo, si kitabu kizima.
- Unaandika projekti. Unahitaji makala za utafiti.

Ukichanganya hizi nne ndio unajipata saa saba usiku uko YouTube, bando limeisha, na swali bado ni lile lile.

1. Maktaba ya chuo: hiyo umeshalipia

Watu wengi huingia maktaba kutafuta soketi ya kuchaji simu na mahali pametulia. Rafu hawazijui. Na kwa hesabu, rafu ni rahisi kuliko unavyofikiria.

Vyuo vikuu vingi hupanga vitabu kwa mtindo wa Library of Congress wa Marekani. Hapo hesabu yote iko chini ya herufi QA. Shika hizi namba:

- QA184 na zinazofuata: linia aljebra
- QA162: aljebra dhahania, zile grupu na ringi
- QA241: nadharia ya namba
- QA273: probabiliti
- QA276: takwimu
- QA300: analisisi
- QA303: kalkulasi
- QA371: milinganyo ya difrenshali
- QA611: topolojia

Ukikosa kile kitabu lec alitaja, usitoke. Simama pale pale kwa rafu uangalie vile vya kulia na kushoto. Vyote vinaongea topiki moja, na mara nyingi kile chenye huna habari nacho ndicho kimeeleza vizuri zaidi.

Kitu ya pili: usiogope toleo la zamani. Kitabu cha kompyuta cha miaka 20 iliyopita kimechacha, lakini kalkulasi haijabadilika. Derivativu ya sin x ni cos x leo, jana na kesho. Kitu pekee cha kuangalia ni namba za mazoezi. Kama lec amesema fanya swali la 14, toleo lako linaweza kuwa na swali lingine pale. Piga picha ukurasa wa maswali kwa msee mwenye toleo jipya, basi.

Kwa mazoezi, tafuta Schaum's Outlines. Hiyo ni familia ya vitabu vyenye maswali mengi yaliyofanywa hatua kwa hatua: kalkulasi, linia aljebra, probabiliti, takwimu, zote ziko. Kwa analisisi, uliza Introduction to Real Analysis ya Bartle na Sherbert. Kwa linia aljebra, Howard Anton hutajwa kwa kozi nyingi.

Na uliza wahudumu wa maktaba. Hao ndio wanajua vitabu vya kusomea hapo hapo vinawekwa wapi, tasnifu za waliokutangulia ziko wapi, na karatasi za mitihani ya zamani zimehifadhiwa upande gani wa tovuti ya maktaba. Hiyo kazi ndiyo wanalipwa kufanya, na comrade mmoja mmoja tu ndiye huwatumia.

2. Majarida ya online: mlango wenye wengi hawajui uko

Umewahi kubonyeza makala halafu ukaambiwa ulipe dola 40? Tulia. Usilipe.

Maktaba za Kenya zina muungano unaitwa KLISC, ulioanza 2003. Kazi yake ni kununua majarida na vitabu vya online kwa pamoja ili kila chuo kisibebe gharama peke yake. Kama chuo chako ni mwanachama, makala hiyo ya dola 40 inaweza kuwa wazi kwako sasa hivi.

Vile unaingia: ukiwa kampasi kwa mtandao wa chuo, nyingi hufunguka zenyewe. Ukiwa kwa keja ama ocha, unahitaji akaunti ya kuingia ukiwa mbali. Baadhi ya vyuo hutumia MyLOFT ama RemoteXs. Nenda maktaba, sema "nataka kufungua majarida nikiwa nje ya kampasi", watakuonyesha. Fanya hiyo kitu wiki ya kwanza ya semesta, si wiki ya mtihani wakati kila mtu amepanga laini.

Pia uliza kuhusu eduroam. Huu ni mtandao wa Wi-Fi wa vyuo duniani, na hapa Kenya unaletwa na KENET. Ukishasajiliwa kwa chuo chako, simu yako inaweza kushika Wi-Fi ukiwa kwa chuo kingine chenye eduroam. Ukitembelea beste wako kampasi nyingine, unasoma bila kuchoma bando.

Kama chuo chako ni kidogo na hakijalipia mengi, fungua akaunti ya bure ya JSTOR. Inakuruhusu kusoma online hadi makala 100 kwa mwezi. Huko kuna matoleo ya zamani ya American Mathematical Monthly, jarida linaloandika hesabu kwa lugha ya mwanafunzi na si ya profesa peke yake.

3. Uko likizo ama chuo kiko mbali? Kuna maktaba za umma

Maktaba za knls zilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965 na ziko kaunti nyingi. Nairobi, Maktaba Kuu iko kule Community, Upper Hill. Hizi hupanga vitabu kwa mtindo wa Dewey, kwa hivyo sahau QA. Hesabu ni 510. Aljebra ni 512, kalkulasi na analisisi ni 515, jiometri ni 516, probabiliti na takwimu ni 519.

Tao kuna McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa 1931. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yalikarabatiwa na Book Bunk, na kwa msee wa Eastlands hapo ni karibu kuliko kupanda mat hadi tao. Pigia simu kwanza ujue saa za kufungua.

Nikuambie ukweli: usitegemee kupata kitabu cha mwaka wa nne kwa maktaba ya umma. Nenda huko upate meza, utulivu na vitabu vya mwaka wa kwanza. Kwa hesabu, meza na masaa manne bila kelele ya jirani ni nusu ya kazi.

4. Vitabu vya bure, na si vya kuibwa

Kuna wasee kwa group za WhatsApp wanauza PDF ya kalkulasi soo mbili. Wakati mwingine hiyo PDF iko bure kwa tovuti ya mwenyewe. Usiingizwe box. Andika hizi mahali:

- Kalkulasi: OpenStax, ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Calculus iko kwa juzuu 3, unapakua PDF bila hata kujisajili. Wana kitabu cha takwimu za mwanzo pia.
- Noti fupi: Paul's Online Math Notes, za Paul Dawkins wa Lamar University, Texas. Kalkulasi 1 hadi 3 na milinganyo ya difrenshali, na kwa kalkulasi kuna maswali ya mazoezi yenye majibu hatua kwa hatua. Kama utachukua kitu moja tu kwa hii orodha, chukua hii.
- Kuthibitisha: Book of Proof ya Richard Hammack. Hii ndiyo dawa ya ile shida ya mwaka wa pili. Inakufunza jinsi uthibitisho huandikwa, kuanzia seti hadi induksheni, na maswali ya namba witiri yana majibu nyuma.
- Linia aljebra: Linear Algebra ya Jim Hefferon. Ina kitabu kizima cha majibu, na chenyewe ni bure.
- Analisisi: Basic Analysis ya Jiří Lebl.
- Grupu na ringi: Abstract Algebra ya Thomas Judson.

Ukitaka zaidi, American Institute of Mathematics wana orodha ya vitabu vya bure ambavyo wamevikagua wenyewe. Kwa hivyo hauokoti tu PDF kwa barabara.

Zile sayti za kunyofoa vitabu vya kulipiwa, kisheria ni noma. Kenya hakimiliki inalindwa na sheria ya 2001. Mbali na sheria, faili zingine hukujia na virusi ama kurasa hazipo. Na kwa nini uibe kalkulasi na iko bure?

5. Video, na namna ya kuokoa bando

MIT OpenCourseWare ni masomo kamili ya chuo cha MIT yaliyowekwa wazi, bila ada, bila kujisajili. Linia aljebra ya Gilbert Strang, yenye kodi 18.06, imesaidia watu dunia nzima. Kalkulasi ni 18.01, na milinganyo ya difrenshali ni 18.03. Usianze na video. Anza na noti, maswali ya nyumbani na mitihani ya zamani, zote ni PDF na hazili bando. Video itazame tu pale PDF imekushinda.

Kwa kuona picha ya kitu kichwani, 3Blue1Brown ya Grant Sanderson kwa YouTube ndiyo yenyewe. Mfululizo wake wa linia aljebra unakuonyesha matriki ikifanya kazi, si kuihesabu tu. Lakini kuna mtego: ukitazama unaskia umeelewa kila kitu, halafu ukishika kalamu hakuna kitu inatoka. Video moja, maswali matano. Hiyo iwe sheria.

Kama ni msingi wa sekondari unakusumbua, rudi Khan Academy bila aibu. Wengi wanaoanguka kalkulasi hawaangushwi na kalkulasi. Wanaangushwa na aljebra na trigonometri za Form Three.

6. Projekti: jinsi ya kusaka kama mtafiti

Tuchukue mfano. Supavaiza amekupa topiki: modeli ya hisabati ya kuenea kwa malaria. Unaanzia wapi?

Kwanza, tafuta kwa Kiingereza, na kwa maneno ambayo watafiti hutumia. Hii topiki ina wazee wake. Ronald Ross aliandika modeli ya malaria mwaka wa 1911, na George Macdonald akaiendeleza miaka ya 1950, ndio maana inaitwa Ross–Macdonald. Kermack na McKendrick walileta ile modeli ya SIR mwaka wa 1927. Ukiwa na hayo majina, umeshapata funguo za kusakia.

Pili, ingia zbMATH Open. Hii ni katalogi ya hesabu duniani. Ilianza Ujerumani 1931, na tangu 2021 ni bure kwa kila mtu. Ina rekodi zaidi ya milioni 4. Haikupi makala yenyewe kila mara, lakini inakuambia nani aliandika nini, lini, na mara nyingi kuna mtu ameisoma na kueleza kwa ufupi ina nini ndani. Ndugu yake ni MathSciNet ya Wamarekani, lakini hiyo hulipiwa, kwa hivyo uliza kama chuo kinayo.

Zote mbili hutumia kodi za MSC kupanga topiki. 34 ni milinganyo ya difrenshali ya kawaida, 60 ni probabiliti, 62 ni takwimu, 92 ni hesabu za biolojia. Malaria yako iko 92D30, kodi ya epidemiolojia. Andika hiyo kodi pamoja na neno malaria, na takataka zote zinapungua.

Tatu, pata makala yenyewe. Ingia arXiv, ghala la makala za bure lililoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka wa 1991. Wanahesabu wengi huweka kazi zao hapo kabla hata jarida halijazitoa. Lakini kumbuka, arXiv haikagui kama uthibitisho ni sahihi. Angalia kama makala baadaye ilichapishwa kwa jarida.

Nne, Google Scholar. Chini ya kila makala kuna vitu viwili vyenye watu hupita tu. "All versions" inakuonyesha nakala zingine, na moja yao mara nyingi ni PDF ya bure. "Cited by" inakuonyesha nani aliitaja baadaye. Hapo unatoka 1927 hadi mwaka huu kwa kubonyeza mara chache.

Tano, angalia hazina za vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na JKUAT huweka tasnifu zao online. Soma kazi ya msee aliyefanya kitu karibu na yako, si kuinakili, ila uone urefu, mpangilio, na data alitoa wapi. Kisha soma orodha yake ya marejeleo. Mtu ameshakusakia.

Bado imefungwa? Mwandikie mwandishi imeili fupi na ya heshima. Jitambulishe, taja makala, omba nakala. Kwa kawaida anaruhusiwa kukutumia, na wengi hufurahi kuona kazi yao inasomwa Juja ama Maseno.

7. Fomula za haraka na zana

Ukihitaji sifa za fankisheni maalum kama Gamma ama Bessel, nenda DLMF ya taasisi ya NIST, Marekani, iliyo online tangu 2010. Ukipata mfuatano wa namba na hujui ni wa nini, uandike kwa OEIS, katalogi ambayo Neil Sloane alianza kukusanya 1964. Jaribu 1, 1, 2, 5, 14, 42. Itakuambia ni namba za Catalan, na fomula yake, na mahali hutokea.

Kuchora grafu, GeoGebra na Desmos ni bure. Kama lec anataka MATLAB na huna doo ya leseni, GNU Octave inafanana sana na ni bure. Takwimu, tumia R. Wolfram Alpha itumie kukagua jibu baada ya kulifanya mwenyewe.

Ukikwama kabisa, kuna Mathematics Stack Exchange. Tafuta kwanza, juu kuna uwezekano swali lako lilishaulizwa. Ukiuliza jipya, onyesha umefika wapi na umekwama hatua gani. Ukibandika swali la CAT na kusema "help", watalifunga. MathOverflow iache kwa sasa, hiyo ni ya watafiti.

8. Kuhusu AI, kuwa rada

AI inaweza kukueleza hatua moja vizuri. Lakini ukiiomba marejeleo ya projekti, inaweza kukutungia: mwandishi ni wa ukweli, jarida ni la ukweli, makala haijawahi kuandikwa. Supavaiza akisaka akose, umeisha. Kila rejeleo likague kwa zbMATH ama Google Scholar kabla ya kuliandika. Na uthibitisho wake usome mstari kwa mstari, juu inaweza kuruka hatua kwa sauti ya kujiamini sana.

Kwa hii wiki, fanya hivi

Nenda maktaba na kitambulisho cha chuo, uombe akaunti ya kusoma ukiwa nje na eduroam. Tembea rafu ya QA dakika 20 uone kilichoko. Pakua Book of Proof na noti za Paul kwa Wi-Fi ya chuo, zikae kwa simu hata bando likiisha. Kisha chagua yuniti moja inayokutesa, ufanye maswali matano kwa siku hadi Ijumaa.

Doo haijatoka mfukoni hata ndururu. Kilichobaki ni kalamu na karatasi, na hiyo hakuna sayti itakufanyia.